Vidonge Sitini Kwenye Sinia Moja

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mwalimu wa Kiswahili ametaka kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike shajara mpaka shule ifungwe. Hataisoma, amesema, atafungua kurasa aone tarehe tu. Basi nitaandika yale nisiyoweza kuyasema, na hayo ni mengi. Hata jina langu, Kemilembe, nikiulizwa mbele ya watu nalitaja kwa sauti ambayo kila mara naombwa nirudie.

Leo nimempeleka Bibi yangu, Kokugonza, Bukoba mjini kwenye mradi wa presha. Tunaishi wawili tu huku Kaagya, kwa kuwa Mama anafundisha shule ya msingi Kimwani, wilaya ya Muleba. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea Bibi karatasi na kuweka alama kwenye kadi yake kila anapomeza dawa.

Mradi unafanya utafiti wa kidonge kipya, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja. Nusu ya wagonjwa wanapewa hicho, nusu wanapewa kile cha kawaida. Vinafanana rangi, umbo, hata kopo. Mgonjwa hajui anameza kipi, nesi hajui, hata Dokta Isaac hajui. Kopo lina namba tu, na orodha inayosema namba ipi ni dawa ipi iko Mwanza. Nesi Lilian alinieleza hayo mwezi uliopita nikayapenda sana: watu wazima wamekubali kwa makusudi kutojua, ili wasijidanganye.

Bibi alianza na presha ya mia themanini na mbili. Leo ni mia arobaini na sita. Nesi Lilian alipiga makofi. Kisha akaingia rafiki yake Bibi, Bibi Laxmi, ambaye alianza na mia sabini na nane. Leo ni mia sabini na nne.

Bibi Laxmi ni mjane, anakaa juu ya duka la vitambaa la mwanawe Nimesh. Familia za Kihindi zilizobaki mjini unaweza kuzihesabu kwa vidole. Mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, alikimbilia Kaagya na Nimesh akiwa mtoto mchanga, na Bibi akawaficha kibanjani, ndani ya migomba yetu, wiki nyingi. Mama mkwe wa Bibi alipasua tunda moja la kahawa, punje moja akampa Bibi, ya pili akampa Laxmi, wakatafuna. Zamani kwetu Wahaya hilo halikuwa jambo dogo. Mliokula punje za tunda moja hamnyimani kitu mpaka mnakufa.

Baada ya kliniki tulipanda kwake kunywa chai kama kawaida.

“Wewe umepata dawa,” Bibi Laxmi alisema akimimina. “Mimi nimepewa chokaa.”

“Usiseme hivyo.”

“Koku, mia sabini na nne! Mwezi mzima nimeacha achari yangu kwa ajili ya chokaa!”

Bibi hakucheka. Alifungua kopo lake jipya, akamwaga vidonge vyote thelathini kwenye sinia ya chuma. “Lete na lako.”

“Koku, una wazimu?”

“Nifike mbinguni niulizwe Laxmi yuko wapi, niseme nilimwacha na chokaa? Lete.”

Bibi Laxmi alimwaga vyake. Bibi akavichanganya kwa kiganja kama anayechagua maharage, halafu akanisogezea sinia. “Kemi, wewe una macho. Gawa sawasawa.”

Nikahesabu thelathini kwenye kopo hili, thelathini kwenye lile. Naandika na hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi kuhesabu.

Jumatatu, 9 Septemba

Hakuna mvua. Hesabu, Fizikia, Kiswahili. Mwalimu ameangalia tarehe.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua ya kwanza. Ilianza saa nane tukiwa darasani na bati likazima sauti ya mwalimu. Nilisoma kitabu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kliniki. Bibi mia hamsini na nne, Bibi Laxmi mia hamsini na moja. Mmoja amepanda, mwingine ameshuka, wamekutana katikati. Nesi Lilian alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye makopo, maana kopo lina thelathini na siku ni ishirini na nane. Viwili na viwili.

“Ninyi ndio wagonjwa wangu bora,” alisema. “Tena mmefanana mpaka namba. Au siku hizi mnagawana na presha?”

Bibi alicheka. Kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe, na hapo ndipo nilipojiona kama siku ile nilipotia saini ya Mama kwenye ripoti ya shule.

Tulipofika kwa Bibi Laxmi, sinia ilikuwa tayari mezani. Nimegawa tena.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada nimesoma fomu ya mradi yote, kurasa kumi na moja. Mwezi wa nane nilimsomea Bibi kurasa mbili akasema inatosha, akaweka dole gumba. Ukurasa wa nne umeandikwa: “Usimpe mtu mwingine dawa hizi.”

Nilimfuata jikoni, anamenya ndizi. Nikamsomea.

“Mtu mwingine ni nani?” akauliza.

“Yeyote ambaye si mwenye namba hiyo, Bibi.”

“Laxmi si yeyote.”

“Mkichanganya, hawatajua kidonge kipi kimefanya nini.”

“Sisi tunajua. Vimetushusha presha. Waandike hivyo.” Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akasema, bila ukali, “Kemi, wale ni watu wa namba. Wakijua watatufukuza sote wawili, na mimi presha hii ilimuua dada yangu. Unataka nifukuzwe?”

Nilisema sitaki. Na kweli sitaki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, hakuna shule. Tumepalilia. Matope mpaka magotini.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Kimwani. Alitaka kujua kama Bibi anakula vizuri, kama mimi ninaongea na watu, kama paa linavuja. Mwishoni akasema kuna mzee huko, baba wa mwalimu mwenzake, midomo ilimvimba kama aliyeumwa na nyuki mpaka akakimbizwa hospitali Muleba. Amepona. Naye yumo kwenye mradi wa presha, na Muleba yuko mwingine aliyevimba hivyo hivyo.

“Walijuaje kama ni dawa?” nikauliza.

“Walipiga simu Mwanza, wakafungua namba zao. Wote wawili walikuwa wanameza kile kipya. Mwangalie Bibi yako.”

Tangu nimekata simu nafikiri jambo moja. Namba inajua kilichotiwa koponi Mwanza. Haijui kilichomwagwa kwenye sinia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemwangalia Bibi midomo asubuhi na jioni. Ameniuliza kama ana uji mdomoni.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Bodaboda iliteleza mara mbili kabla ya lami.

Kliniki leo ilikuwa tofauti. Nesi Lilian alikuwa na karatasi mpya yenye maswali ya uvimbe. Midomo? Ulimi? Macho? Koo kubana? Alimuuliza Bibi, akasema hapana. Alimuuliza Bibi Laxmi, akasema hapana. Halafu akanigeukia.

“Na wewe msaidizi wetu, kuna chochote ulichokiona nyumbani ambacho tunapaswa kukijua?”

Bibi alikuwa anafunga kanga. Mikono yake ilisimama.

Nilitikisa kichwa. Nilijiambia kwamba swali lilikuwa la uvimbe na uvimbe sijauona, kwa hiyo sikudanganya. Nesi Lilian aliandika kitu, akatupa makopo mapya.

Juu kwa Bibi Laxmi kulikuwa bado na mapambo ya Diwali na vile vitafunio vyao vya maziwa na korosho. Alinipa viwili, akasema kama mtu anayesimulia habari ya jirani: “Korosho za mwaka huu mbaya. Juzi Jumatano mdomo ulinivimba huku upande. Kesho yake uvimbe umeondoka.”

Nikaacha kutafuna. “Bibi Laxmi, nesi amekuuliza hilo sasa hivi.”

“Ameniuliza habari za dawa, mwanangu. Hizi ni korosho.”

“Umekula korosho maisha yako yote.”

Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kumwambia. Alimtazama Bibi, naye Bibi akanitazama mimi, kisha akamwaga vidonge kwenye sinia.

“Mimi leo sihesabu,” nilisema.

Mvua ilikuwa inapiga madirisha na hakuna aliyenisikia. Au walinisikia. “Kemi, gawa basi, gari zitaisha,” Bibi alisema.

Nikagawa. Thelathini, thelathini.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani nimekaa nyuma. Siku ya kwanza ya makopo mapya. Bibi amemeza saa moja. Sijui amemeza nini.

Jumamosi, 9 Novemba

Senene wameanguka! Kijiji kizima kimeamkia nje na ndoo. Bibi amekaanga, akafunga kifurushi cha Bibi Laxmi. Bibi Laxmi hali nyama wala mdudu. Kila mwaka Bibi humpelekea senene, kila mwaka yeye huwagawia majirani, na kila mwaka wote wawili hujifanya hawajui. Leo sikucheka nilipokipeleka. Nilimtazama midomo. Ilikuwa sawa.

Jumatatu, 11 Novemba

Mitihani ya mwisho wa mwaka imeanza. Kiswahili, Jiografia.

Jumatano, 13 Novemba

Hesabu. Rahisi.

Jumatano hii hii, jioni: swali la mwisho lilikuwa la uwezekano, mipira myeupe na myekundu kwenye mfuko. Nimelijibu lote, kisha nikakaa kuitazama mipira ile mpaka msimamizi akachukua karatasi.

Jumanne, 19 Novemba

Nimerudi kutoka kwenye mtihani wa Baiolojia nimemkuta Bibi barabarani, mwavuli umefungwa na mvua inamnyeshea, viatu vya kanisani miguuni. Nimesh alikuwa amepiga simu. Bibi Laxmi yuko hospitali.

Tulifika saa kumi. Nimesh alikuwa kwenye korido, shati limelowa mgongoni. Alisema mama yake alikuwa anapima kitambaa cha mteja, akalalamika kwamba ulimi ni mzito, na baada ya muda mfupi ulimi haukutosha tena mdomoni. Hakuweza kusema. Alikuwa anaonyesha koo kwa kidole. Nimesh alimbeba mgongoni kushuka ngazi. Hospitali walimchoma sindano mbili, wakasimama naye na mpira wa kupumulia tayari, mpaka uvimbe ulipoanza kupungua.

Tuliruhusiwa kumwona. Uso wake ulikuwa kama uso wa mtu mwingine aliyefanana naye. Macho yalikuwa mistari miwili. Bibi alimshika miguu, sijui kwa nini miguu, akasema kwa Kihaya, “Mawe, Laxmi,” yaani mama yangu, na kurudia hivyo hivyo.

Dokta Isaac alitutoa nje, Nimesh, Bibi na mimi, akatuambia.

“Tumepiga simu Mwanza. Hali kama hii inaruhusu namba kufunguliwa. Mama yuko upande wa dawa ya kawaida, na dawa hiyo haivimbishi ulimi. Kwa hiyo tunatafuta kwingine. Nimesh anasema mama alikula zile korosho za sikukuu.”

“Zilikuwa zimebaki kwenye mkebe,” Nimesh alisema. “Alikula moja asubuhi.”

“Basi. Korosho zitupwe. Tutamwangalia hapa kesho, Alhamisi ataenda nyumbani na aendelee na vidonge vyake. Presha nayo haingoji.”

Nilisubiri Bibi aseme. Nilimtazama waziwazi, jambo ambalo huwa silifanyi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Dokta alipoondoka, Bibi alinivuta mkono mpaka kwenye ngazi. “Umesikia? Ni korosho. Daktari mwenyewe amesema.”

“Amesema hivyo kwa sababu hajui.”

“Hajui nini? Amesoma Muhimbili, wewe umesoma wapi?”

“Bibi, anameza vyako.”

“Fyata!” Hajawahi kuniambia neno hilo. “Mwenzangu amelala pale amevimba, halafu wewe unataka kusema kwamba nimempa sumu kwa mkono wangu. Usinitie aibu mbele ya mwanawe. Umenisikia?”

Nilimsikia. Tumerudi Kaagya.

Jumatano, 20 Novemba

Leo mtihani wa Fizikia. Nilimaliza mapema nikageuza karatasi ya kuchorea, nikaandika hesabu hii.

Tarehe mbili tuligawa sitini: vipya thelathini, vya kawaida thelathini, kama Bibi ndiye mwenye vipya, na baada ya uvimbe wa jana najua ndiye. Bibi Laxmi amemeza kimoja kila siku tangu tarehe tatu mpaka jana. Kumi na saba. Vimebaki kumi na tatu. Kati ya hivyo kumi na tatu hakuna anayejua vipya ni vingapi. Vinaweza kuwa sita. Vinaweza kuwa kumi. Kesho Nimesh atampelekea kopo hospitali, naye atachukua kimoja.

Mara ya kwanza ilikuwa mdomo. Mara ya pili ulimi.

Bibi amepika ndizi na maharage. Hakula, nami sikula. Nilimwambia, “Bibi, kesho twende tukaseme pamoja.” Akachukua sahani akaenda kuosha, ingawa ilikuwa haijatumika.

Alhamisi, 21 Novemba

Naandika hili pole pole ili nisiongeze kitu.

Bibi aliondoka asubuhi na chungu cha uji wa Bibi Laxmi. Mimi nilikwenda shule. Mtihani wa Historia ulikuwa saa tatu. Saa mbili na nusu nilikuwa foleni na wenzangu, kalamu mbili mkononi, nikatoka kwenye foleni. Sijawahi kutoka kwenye foleni. Mwalimu wa zamu aliniita nikaendelea kutembea. Nilikuwa na elfu tatu ya chakula cha wiki, nikampa dereva wa bodaboda zote.

Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi moja: Dokta, tulichanganya vidonge. Maneno matatu tu, hata mtu kama mimi anaweza.

Nilipofika wodini Nesi Lilian alikuwa anaandika karatasi za kuruhusu. Dokta Isaac alisimama kwenye kitanda cha pili na mgonjwa mwingine. Nimesh alishika glasi ya maji. Bibi alikuwa ameketi kitandani kwa Bibi Laxmi, na Bibi Laxmi, uso wake ukiwa umerudi karibu wote, alikuwa na kidonge kiganjani.

Sentensi yangu ilipotea. Nilifungua mdomo pakatoka hewa.

“Kemi?” Nimesh alisema. “Huna mtihani leo?”

Bibi Laxmi alinyanyua mkono kuelekea mdomoni.

“Usimeze!”

Ilikuwa sauti kubwa. Wodi nzima iligeuka, na mimi mwenyewe niligeuka kidogo, kana kwamba aliyesema yuko nyuma yangu. Mkono wa Bibi Laxmi ulisimama hewani.

“Usimeze, Bibi Laxmi. Dokta, hicho si cha namba yake. Kinaweza kuwa cha Bibi yangu. Wanamwaga makopo yote mawili kwenye sinia na kuvichanganya, halafu wanagawana. Tangu mwezi wa tisa. Ninayegawa ni mimi.”

Dokta Isaac aliacha mgonjwa wake akaja. Hakunitazama mimi. Alimtazama Bibi.

“Mama, ni kweli?”

Bibi alinyoosha kanga magotini. “Huyu mtoto anasoma sana, dokta. Anachanganya mambo. Usiku halali.”

Nimesh alicheka kicheko kidogo cha mtu anayetaka jambo liishe. Nesi Lilian aliangalia kadi, zile kadi zangu zenye alama safi. Nikaona wataniamini vipi? Kila namba niliyowapa ilikuwa sahihi. Viwili na viwili.

Nikasema, “Bibi.” Basi.

Hapo Bibi Laxmi akafungua kiganja. Sauti yake bado ilikuwa nzito, neno likitoka kama limefungwa kitambaa. “Ni kweli. Sinia ni yangu.”

“Laxmi!” Bibi alisema.

“Koku, juzi nilikuwa nakufa. Nimechoka kuogopa korosho.”

Dokta Isaac alikitoa kidonge kiganjani mwake kwa vidole viwili, taratibu, akachukua na kopo. Akamuuliza Nesi Lilian namba ya Bibi, akatoka na simu. Tulikaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza.

Aliporudi alizungumza na Nimesh, nadhani kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kumtazama. “Namba ya Mama Kokugonza ni ya kidonge kipya. Ndani yake mna dawa ambayo huwavimbisha hivi watu wachache sana, na kila mara uvimbe huzidi. Mara ya tatu koo lingeweza kuziba kabla hujamaliza ngazi.” Kisha akanigeukia. “Kwa nini hukusema mapema, binti?”

“Sikuulizwa,” nilisema. Halafu nikamwona Nesi Lilian. “Niliulizwa. Nikatikisa kichwa.”

Bibi alisimama, akachukua chungu chake cha uji kikiwa bado kimejaa, akatoka.

Ijumaa, 22 Novemba

Nesi Lilian na kijana mmoja wa mradi wamekuja Kaagya. Wamekaa sebuleni saa mbili wakiniuliza: tarehe zipi, nani alimwaga kwanza, vilichanganywa vipi, vilibaki vingapi. Nimejibu yote. Bibi alikuwa kibanjani mvuani, anakata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Nesi Lilian amesema presha za Bibi na Bibi Laxmi hazitahesabiwa tena katika utafiti, kwa kuwa hakuna anayejua zimeshushwa na nini. Lakini uvimbe utaandikwa. Ulikuwa umeshaandikwa upande wa korosho. Sasa unahamia upande wa kidonge kipya, pamoja na wale wawili wa Muleba.

“Watatu si wengi,” nilisema.

“Wawili walikuwa bahati mbaya. Watatu ni mkutano wa kamati.” Alifunga faili. “Mimi nimepewa barua ya onyo. Nawaita wagonjwa bora, kumbe nilikuwa nahesabu vidonge tu.”

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshikia mwavuli.

Jumapili, 24 Novemba

Bibi hasemi nami. Anaweka chakula, anaondoa sahani.

Jumanne, 26 Novemba

Hasemi. Mwalimu mkuu ameniruhusu kufanya Historia peke yangu ofisini kwake.

Jumamosi, 30 Novemba

Kidonge kipya kimesimamishwa, Bukoba na Muleba, mpaka kamati imalize kuchunguza. Wagonjwa wote waliitwa kurudisha makopo. Bibi amepewa vidonge viwili vya kawaida vya hospitali. Presha yake mia sitini na tisa. Kabla ya leo ningesema nilimsaidia mtu mmoja. Leo nimemwona Bibi akishuka kwenye kile kiti cha kupimia akijishika ukutani, na nimejua nimemchukulia mwingine dawa iliyokuwa inamfaa.

Bibi Laxmi hakuja. Yuko nyumbani, mzima. Bibi alipita mbele ya duka lao akitazama upande wa pili wa barabara.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio ya kwanza. Baada ya ibada watu walibaki uwanjani kwa mnada wa mavuno, kama kawaida: mikungu, kuku, debe la kahawa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi.

Ta Lwakatare, jirani yetu wa juu, naye alikuwa kwenye mradi na kidonge kilimfaa. Alikuwa ameshika jogoo aliyemnunua. Aliponiona alipaza sauti.

“Njooni mwone msomi wetu! Mwaka mzima mtoto huyu humsikii hata salamu. Siku aliyofungua mdomo, amefunga mradi!”

Watu wakacheka. Mwingine akasema, “Mwacheni, waitu, jamani, asije akasema tena, atafunga na kanisa.” Wakacheka zaidi. Nilitazama viatu vyangu.

“Mimi nilikuwa nalala usingizi,” Ta Lwakatare aliendelea. “Kichwa kimya. Sasa nimerudishiwa vidonge vya zamani na kelele zake. Kwa nini? Kwa sababu kitoto kimoja hakiwezi kutunza siri ya bibi yake.”

“Lwakatare.”

Ilikuwa sauti ya Bibi. Siku kumi sikuwa nimeisikia ikisema kitu zaidi ya amina. Hakutanguliza Ta, neno letu la kumheshimu mwanamume.

“Unajua mtoto huyu alisema nini hospitali? Alisema kweli. Unajua mimi nilisema nini? Nilimwambia daktari kwamba mjukuu wangu amechanganyikiwa. Laxmi alikuwa amekaa hivi,” akanyoosha kiganja, “kidonge kiko hapa, na mimi niliyemtilia kwenye sinia nimekaa naye kitanda kimoja. Nilikuwa namwangalia anakipeleka mdomoni. Nikanyamaza. Mimi, mkristo wa miaka sabini.” Aliuacha mkono wazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Haya. Mcheke sasa.”

Jogoo wa Ta Lwakatare alipiga mabawa, naye akamshika vizuri zaidi, akasema polepole, “Ma Kokugonza, mimi nilikuwa natania tu.”

“Najua.”

Tuliondoka kabla mnada haujaisha. Njia ilikuwa na matope na Bibi alinishika bega kwenye mteremko. Tulipofika chini hakuliachia.

“Kile kidaftari unachoandika kila siku,” alisema.

“Ndiyo, Bibi.”

“Umeandika kwamba nilidanganya?”

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na neno lenyewe tayari mdomoni. “Nimeandika.”

Alitembea hatua kadhaa.

“Acha hivyo hivyo,” alisema. “Na kesho ukitoka shule tupitie kwa Laxmi. Wewe ndiye utakayebisha hodi. Mimi bado sina sauti.”